Amana ya Diski

Kila maandishi yana wadai wawili. Wa kwanza ni yule aliyeandika, ambaye hudai kwamba alichokiweka kikutwe kama alivyokiweka. Wa pili ni yule atakayesoma, ambaye aghalabu hajulikani, na pengine hajazaliwa bado; naye hudai kwamba kilichowekwa kwa ajili yake kisifungwe. Barua, kitabu, hati ya shamba, jina lililochongwa juu ya kaburi, vyote hivyo huishi kati ya madai mawili haya. Diski ya kompyuta imemwingiza mdai wa tatu, ambaye si mwandishi wala msomaji. Mdai huyo ni mtengenezaji wa mashine. Nitakalo kulipima hapa ni swali hili: mtengenezaji huyo ana haki gani, na ana deni gani, juu ya maneno ambayo hakuyaandika na ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake?

Swali laweza kuonekana dogo, swali la mafundi na maduka yao. Sidhani kuwa ni dogo. Katika miaka ya 1980 na 1990 tasnifu, mashairi, mahesabu ya vyama, barua za mapenzi na kumbukumbu za mabaraza ziliwekwa katika diski laini, na diski hizo zingali katika masanduku na makabati, ingawa mashine zilizoziandika zimekwisha kutupwa. Wengi wa walioziandika wamekufa. Mjukuu akiifungua sanduku ya babu yake na kukuta daftari, hata kama mwandiko ni mbaya, atakaa nalo usiku kucha na kupata walau nusu ya maneno. Akikuta diski, hana la kukaa nalo. Ataitazama kama mtu atazamavyo jiwe.

Yafaa msomaji aujue utaratibu wenyewe, maana hukumu isiyojua mambo yalivyo ni hukumu ya kubahatisha. Diski laini ya inchi tatu na nusu ilikuwa kifuko kigumu cha plastiki chenye utando mwembamba ndani yake, nao utando huo ulipakwa madini yanayoshika usumaku. Mtu aliyenunua diski tupu aliweza kuitumia katika mashine ya Macintosh, au ya Amiga, au katika mashine za ukoo wa IBM. Kitu kilikuwa kimoja. Tofauti ilianza pale mashine ilipoanza kuigawa diski hiyo, kama wenye shamba wanavyogawa ardhi kwa matuta. Macintosh ya mwaka 1984 iliugawa upande mmoja wa diski katika njia themanini za mviringo. Kwa kuwa njia za nje ni ndefu kuliko za ndani, mashine iliweka vipande kumi na viwili katika kila njia ya nje, na ikapunguza hatua kwa hatua mpaka vinane katika njia za ndani. Ili kufanya hivyo iliizungusha diski kwa mwendo uliobadilika. Ilipata kilobaiti 400, na pande zote mbili zilipotumika, kilobaiti 800. Mashine za ukoo wa IBM ziliizungusha diski hiyo hiyo kwa mwendo mmoja usiobadilika, zikaweka vipande tisa katika kila njia, zikapata kilobaiti 720. Amiga, iliyotoka mwaka 1985, nayo ilikuwa na mwendo mmoja, lakini iliandika njia nzima kwa mkupuo mmoja, ikaondoa karibu nafasi zote zinazoachwa kati ya kipande na kipande, ikapata vipande kumi na kimoja na kilobaiti 880.

Basi diski tatu zikiwa juu ya meza zaweza kufanana kama mayai, lakini kila moja ni bubu katika mashine ya mwenzake. Jambo hili lilikuwapo kabla ya kompyuta. Thomas Edison aliuza tangu mwaka 1912 santuri ambazo mfereji wake uliinua na kushusha sindano, ilhali santuri za wengine ziliipeleka sindano kushoto na kulia. Santuri ya Edison haikuimba ipasavyo katika gramafoni ya mshindani wake. Wapenzi wa Siti binti Saad walinusurika na balaa hilo. Sauti aliyokwenda kuiweka Bombay mwaka 1928 ilichorwa kwa mtindo wa kushoto na kulia, uliokwisha kuwa desturi ya wengi, na mwenye gramafoni hakuhitaji kuuliza imetengenezwa na nani.

Liko jambo moja katika habari hii ambalo hunishangaza kuliko hesabu za vipande na njia. Mtu alipoiingiza diski ya mfumo mwingine katika Macintosh, mashine haikusema, "Siwezi kuisoma." Ilimwarifu kwamba hii si diski ya Macintosh, kisha ikamwuliza kama ataka iandaliwe upya. Mashine zenye Windows nazo zilisema kwamba diski haijafomatiwa, zikauliza kama mtu ataka ifomatiwe sasa. Kuandaliwa upya na kufomatiwa, katika diski yenye maandishi, maana yake ni kufutwa. Fikiri, msomaji, juu ya adabu ya swali hilo. Mgeni anabisha hodi, anazungumza lugha usiyoijua, nawe wamwambia kwamba hana lugha, kisha wauliza kwa upole kama aweza kukatwa ulimi ili afundishwe yako. Mtu asiye na habari, akiwa na haraka, alibonyeza kukubali. Na kazi ya miaka ilitoweka kwa sababu mashine moja ilichukua ujinga wake kuwa sifa ya kitu kilichokuwa mbele yake.

Hukumu ya namna hii si ngeni kwetu sisi tusomao Kiswahili. Kwa karne kadhaa pwani yetu iliandika kwa herufi za Kiarabu. Shule na ofisi zilipochukua herufi za Kilatini, mzee aliyeweza kuandika utenzi mzima na kuusahihisha kwa kalamu yake aliweza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma, kwa kuwa karani aliyemhesabu hakujua kusoma alichokiandika. Isiyosomeka kwangu si maandishi: hiyo ndiyo kanuni, naye karani na mashine wameifuata pamoja. Mashine yaweza kusamehewa, kwa maana haikujitunga. Waliotunga maneno yake walijua vizuri kwamba ziko diski nyingine duniani.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote katika jambo hili watoka Uingereza, nao wastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu husimuliwa vibaya. Mwaka 1085 Mfalme William, ambaye aliiteka nchi ile mwaka 1066, aliamuru mali ya nchi iandikwe: ardhi, plau, vinu, watu na kodi. Kazi ilifanywa mwaka 1086, na kitabu kilichotokana nayo huitwa Domesday. Kimeandikwa juu ya ngozi, kwa Kilatini, na kimehifadhiwa London mpaka leo. Miaka mia tisa ilipotimia, shirika la utangazaji la BBC, pamoja na Acorn, Philips na Logica, lilitengeneza Domesday mpya. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilomita nne kwa tatu, na watu zaidi ya milioni moja, wengi wao watoto wa shule, walishiriki kuandika habari za mahali pao na maisha yao ya kila siku, na kupiga picha. Mwaka 1986 vyote vilitolewa katika diski mbili kubwa za kusomwa kwa miale ya leza. Diski hizo zilihitaji kompyuta ya Acorn, yaani BBC Master, na chombo cha Philips kilichoundwa kwa kazi hiyo, ambacho kiliweza kusoma maandishi ya kompyuta yaliyowekwa mahali ambapo diski nyingine za aina ile ziliweka sauti. Bei ya vyote pamoja ilikuwa maelfu ya pauni. Shule nyingi ambazo watoto wake waliandika hazikuweza kukinunua walichokiandika.

Kufikia mwaka 2002, miaka kumi na sita tu baadaye, mashine zilizoweza kuzisoma diski hizo zilikuwa chache mno na zilikuwa zikiharibika moja baada ya moja. Mwaka huo wanachuoni wa Leeds na Michigan, katika kazi waliyoiita CAMiLEON, walionyesha programu ambayo iliiga mashine ya zamani ndani ya kompyuta mpya, na maneno ya watoto yakasomeka tena. Mwaka 2011 BBC yenyewe iliyaweka maandishi na picha za vijiji na miji katika intaneti. Ukurasa huo ulifungwa mwaka 2018.

Watu huchukua hadithi hii na kusema: tazama, ngozi imeishi miaka mia tisa, na diski haikuishi hata ishirini. Usemi huo ni mtamu, lakini si kweli. Diski haikufa. Wanachuoni walipoitafuta waliikuta nzima, na alama zake zote zipo. Ngozi nayo haikujisoma yenyewe: Kilatini chake kimejaa vifupisho ambavyo mtu hawezi kuvijua bila kufundishwa, hata kilipochapwa mara ya kwanza mwaka 1783 ilibidi herufi za pekee ziundwe ili kuvionyesha vifupisho hivyo. Mtu wa kawaida wa London akifunguliwa kitabu cha mwaka 1086 leo ataona alama tu. Basi tofauti yao haikuwa katika ngozi wala katika plastiki. Ufunguo wa kitabu cha kwanza ulikaa ndani ya watu: waliojua Kilatini na desturi za makarani, waliofundisha wanafunzi, na wanafunzi wakafundisha wengine. Ufunguo wa kitabu cha pili ulikaa ndani ya chombo, na chombo kilikuwa cha kampuni, na kampuni iliacha kukiunda, kama ilivyo haki yake kuacha biashara isiyolipa.

Hapa ndipo nionapo kiini cha mambo, na nitatoa ushahidi wa karibu zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa karibu na mwaka 1840, yalikusanywa mwishoni mwa karne ile na Mwingereza William Taylor, naye alisaidiwa na Mwalimu Sikujua, Mswahili wa Mombasa. Yalichapwa kwa herufi za Kilatini na William Hichens mwaka 1940. Mtu adhaniye kwamba kazi hiyo ilikuwa kuhamisha herufi tu hajaishika hati ya zamani mkononi mwake. Herufi za Kiarabu hazikuwa na alama za asili za sauti zetu kadhaa. Herufi moja iliweza kusimama mahali pa *b*, na pa *p*, na pa *mb*, na ni kujua lugha, na kujua kisa cha shairi, kulikomwonyesha msomaji ni neno gani lililokusudiwa. Bila mtu kama Mwalimu Sikujua, Taylor angalikuwa na karatasi, naye angalikuwa mbele yake kama Macintosh mbele ya diski ya Amiga. Ufunguo ulikuwa mtu, na mtu huyo aliweza kuulizwa. Hakusema kwamba maana ya herufi ni siri ya duka lake.

Nisije nikawaonea watengenezaji. Tofauti zao hazikuzaliwa zote na choyo. Fundi aliyebadili mwendo wa diski ya Macintosh alitaka kuitumia nafasi ya njia za nje, ambayo wengine waliipoteza. Fundi wa Amiga alichukia mapengo yasiyobeba neno. Hizo ni fikira njema za watu waliopenda kazi yao. Kama tungewalazimisha wote wafuate mtindo mmoja tangu siku ya kwanza, tungekuwa tumeuganda mtindo wa mtu aliyetangulia, na aliyetangulia si lazima awe bora. Aidha mtu aliyetumia mali na akili zake kubuni kitu ana haki ya kula matunda yake. Nakiri hayo yote, na nasema kwamba hayajibu swali. Kutofautiana ni jambo moja, na kuficha ni jingine. Fundi aweza kuigawa diski apendavyo, kisha akaeleza waziwazi jinsi alivyoigawa, na asipoteze hata kipande kimoja cha ustadi wake. Mshairi anayebuni bahari mpya hapungukiwi na kitu watu wakijua mizani yake. Anayeficha mgawanyo wa diski hailindi tena kazi ya mikono yake. Anaushika mateka ustadi wa mtu mwingine, yaani mwandishi, ili mwandishi huyo asiweze kuhama.

Kwa sheria zetu za zamani jambo hili lina jina. Mtu akimwekea mwenzake mali, mali hiyo huitwa amana, na aliyewekewa hawi mwenyewe kwa kuwa nyumba ni yake. Aweza kudai ujira wa kulinda. Hawezi kusema: nyumba ni yangu, mlango ni wangu, kufuli ni langu, kwa hiyo mali yako haitoki. Wala hawezi kuhama mji na ufunguo mfukoni. Mtengenezaji wa mfumo wa diski ni mwenye nyumba wa namna hiyo. Kufuli ni lake kwa haki, lakini watu wanapoanza kuweka maisha yao ndani, limeingia deni ambalo halikuwapo siku lilipokuwa chuma kitupu.

Likikubaliwa hilo, lafuata swali la mtu anayelifungua kufuli bila ruhusa. Wako waliotumia usiku na mchana kuzichungua programu za wengine, alama kwa alama, ili wajue diski imegawanywaje au programu yazungumzaje na mashine. Makampuni yaliwaita wezi. Mahakama na mabunge yalitafakari, na hayakukubaliana na neno hilo kwa ukamilifu. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo la kuzilinda programu za kompyuta, na ndani ya agizo hilo hilo iliruhusu, kwa masharti, programu ichambuliwe pale ambapo hapana njia nyingine ya kuifanya programu nyingine ishirikiane nayo. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ya Marekani, katika shauri la Sega na Accolade, iliona kwamba kuchambua programu ili kujua masharti ya kushirikiana na mashine kwaweza kuwa matumizi ya haki. Napendezwa na hukumu hizi, ingawa sababu zake zilikuwa za biashara zaidi kuliko za maadili. Mwizi huchukua kisicho chake. Mtu anayesoma diski ya baba yake huchukua nini cha mtengenezaji? Hachukui programu, haiuzi mashine, haigi jina. Achukua maneno ya baba yake, na njiani hana budi kujifunza jinsi mlango ulivyoundwa.

Ipo habari nyingine inayoonyesha kwamba si lazima kufikishana mahakamani. Mwaka 1985 wajumbe wa makampuni yaliyoshindana walikutana katika hoteli iliyoitwa High Sierra, jimboni Nevada, kando ya Ziwa Tahoe, ili wapatane juu ya diski mpya ya leza, ambayo sasa twaiita CD. Diski hiyo ilikuwa imepata umbo lakini haikuwa na mpango mmoja wa kuyapanga mafaili. Kama kila mmoja angalishika njia yake, yangalirudiwa yale yale ya diski laini, tena kwa diski kubwa zaidi na hasara kubwa zaidi. Walipatana, na mwaka 1988 mapatano yao, baada ya kurekebishwa, yalitangazwa kuwa kanuni ya kimataifa yenye namba 9660.

Ndani ya kanuni hiyo imo desturi moja ambayo ningependa wanafunzi wa falsafa waijue kama waijuavyo mifano ya Plato. Kompyuta hazikubaliani jinsi ya kuandika namba. Sisi husema ishirini na tano, tukitanguliza kikubwa. Mwarabu husema tano na ishirini, akitanguliza kidogo. Hakuna aliyekosea, na kila mmoja apata jumla ile ile akijua desturi ya mwenzake. Mashine nazo ziko hivyo: zile za ukoo wa Intel hutanguliza baiti ndogo, na zile za Motorola zilizokuwa ndani ya Macintosh za awali zilitanguliza kubwa. Namba 258 ikiandikwa na moja kwa baiti mbili na kusomwa na nyingine bila taarifa hugeuka kuwa 513. Ugomvi juu ya utaratibu ulio bora uliwahi kuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1980 mtaalamu mmoja, Danny Cohen, aliwafananisha mafundi na watu wa kisa cha Jonathan Swift wanaopigana vita juu ya upande wa kuvunjia yai.

Wajumbe wale wangeweza kupiga kura, na walioshindwa wangeondoka na uchungu. Wakafanya jambo jingine. Katika mahali pengi ndani ya orodha ya diski ambapo namba yapasa kuwapo, kanuni yao huagiza iandikwe mara mbili, moja karibu na nyingine, kwanza kwa desturi ya hawa, kisha kwa desturi ya wale. Kila mashine husoma nakala yake na kuiruka ya mwenzake. Gharama yake ni baiti nne badala ya mbili, au nane badala ya nne, katika diski yenye mamia ya mamilioni ya baiti. Mtu bahili wa nafasi ataita upotevu. Mimi naona ni wema ulioandikwa kwa tarakimu: aliyeiandaa diski hamjui atakayeisoma wala hajui atatumia mashine gani, naye amemwekea kiti.

Sitadai kwamba baada ya hapo wote waliishi kwa amani. Mpango wa Microsoft uitwao FAT ulienea katika kamera, simu na kadi ndogo za kumbukumbu, hata ukawa lugha ya kawaida ya vyombo vyote. Na mwaka 2009 kampuni hiyo iliishtaki TomTom, watengenezaji wa vyombo vya kuonyesha njia, kwa sababu zilizogusa hati zake za uvumbuzi juu ya majina marefu ya mafaili katika mpango huo. Walipatana nje ya mahakama mwezi uliofuata. Mwaka 2019 Microsoft hiyo hiyo ilitangaza wazi maelezo ya exFAT, mpango uliofuata, ili mfumo wa Linux uweze kuutumia. Wenye nyumba, kumbe, huweza kubadili nia. Lakini mwandishi asingoje miaka kumi ili apate kuhama na vyombo vyake.

Sasa kuna pingamizi ambalo halitoki kwa wafanya biashara, na ndilo linaloniumiza kichwa. Mwaka 1985 Amiga ilipoonyeshwa kwa watu New York, mchoraji Andy Warhol aliitumia jukwaani kuchora picha ya mwimbaji Debbie Harry. Alikufa mwaka 1987. Diski zake zilikaa katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko Pittsburgh, zisomwe na nani hapajulikani. Msanii Cory Arcangel, aliyekuwa ameona filamu ya siku ile ya jukwaani, alianza kuuliza habari zake, na wanafunzi wa kompyuta wa Carnegie Mellon waliinakili diski kwa chombo kinachoangalia mabadiliko ya usumaku wenyewe bila kujali vipande vimepangwaje. Walipokwisha kuvuka mlango wa kwanza walikuta wa pili: mafaili ya picha yalikuwa katika mtindo wa programu ambayo ilikuwa bado haijatolewa kwa watu. Wakauchambua huo nao. Picha 28 zilizohukumiwa kuwa za mkono wake au za mtindo wake zilipatikana, miongoni mwao kopo la supu na Venus mwenye macho matatu, na mwaka 2014 habari ikatangazwa.

Wengi walifurahi, na mimi nilifurahi. Hata hivyo mtu mwenye staha ataweza kuuliza: marehemu alitaka zionekane? Majaribio ya mtu anayejifunza chombo kipya, mistari iliyopotoka, je, si kama karatasi ambazo mwandishi hutupa kapuni? Na diski za watu wasio mashuhuri zina mambo mazito zaidi ya kopo la supu: madeni, maradhi, barua ambazo hazikupelekwa. Huenda ukimya wa diski ni sitara ambayo Mungu ameileta bila sisi kuiomba.

Napokea nusu ya hoja hiyo. Mwandishi anayeifunga diski yake kwa neno la siri ameonyesha nia, na nia yake yapasa kuheshimiwa mpaka zitokee sababu kubwa za kuivuka. Lakini tofauti ya mgawanyo kati ya Amiga na mashine nyingine haikuwa nia ya Warhol. Alinunua au alipewa mashine. Hakuchagua kwamba picha zake zikae gizani miaka karibu thelathini. Sitara iliyoletwa na kuchakaa kwa biashara ya mtu mwingine haiwezi kuitwa siri ya marehemu. Tena ni sitara isiyo na haki, kwa kuwa hufunika yaliyo aibu na yaliyo wasia kwa kipimo kimoja. Ili mrithi aamue kwamba waraka fulani usisomwe na watu, lazima kwanza aweze kuuona. Mhifadhi hawezi kuomba idhini ya kitu ambacho hakuna ajuaye ni nini.

Kwa hiyo katika maktaba zetu, ambako masanduku ya walimu na waandishi wa miaka ya 1980 na 1990 yameanza kuletwa na jamaa zao, ningeshauri kazi mbili zitenganishwe. Ya kunakili diski ifanywe upesi na bila kusoma, alama kwa alama, na juu ya kila bahasha iandikwe jina la mashine, jina la programu, na mwaka, kama jamaa anavikumbuka. Ya kuamua nani asome na lini yaweza kungoja kikao cha watoto wa marehemu, hata kikichukua miaka. Kazi ya kwanza haiwezi kungoja. Usumaku hupungua, ukungu wa pwani huingia katika utando, vyombo vya kusomea vya mwaka 1985 havitengenezwi tena, na yule bibi aliyekuwa karani na aliyejua diski ipi ilitoka katika mashine ipi amestaafu zamani, na mpaka sasa hajaulizwa.